Kwa Wakubwa Kukoje

Esperansi alipotimiza miaka kumi na minane, manesi wa kliniki ya watoto walimuaga. Tangu akiwa mdogo alikuwa akitibiwa selimundu Tabora mjini, ugonjwa wa damu uliomchoma mifupa kama moto. Sasa alitakiwa kuhamia kliniki ya watu wazima. Baba yake, mzee Minani, akampakia kwenye pikipiki wakatoka nyumbani Ulyankulu asubuhi.

Jua likiwa utosini, katikati ya pori, wakapata pancha. Baba akainama kuziba tairi. Esperansi akavua viatu, akakaa kivulini, magoti yakimuuma.

Ndipo akawaona wakipita kati ya miti: watu wengi, mmoja nyuma ya mwingine, mizigo vichwani. Vumbi halikutimka. Ndege walikuwa wamenyamaza.

Mmoja akatoka kwenye mstari. Alikuwa Rosalia, aliyelala kitanda cha jirani wodi ya watoto, wakamzika mwaka juzi akiwa bado msichana mdogo. Sasa alikuwa mrefu, mwanamke kamili.

"Espe, kwa wakubwa kukoje?"

"Sijui. Ndiyo naenda leo."

"Twende wote basi. Huku hakuumi."

Akamshika mkono. Kweli, maumivu yakakatika. Esperansi akaingia kwenye mstari, wakatembea, wakatembea, na jua halikusogea. Hakuna aliyekohoa wala kugeuka. Rosalia akamtwika mzigo. Ulikuwa mwepesi, kama hauna kitu ndani.

"Tunaupeleka wapi?"

"Hatujawahi kufika."

Esperansi akautua chini. "Mimi narudi, Rosalia."

"Utaumwa."

"Najua."

Mkono ulipomwachia, maumivu yakamrudia yote kwa mpigo, akapiga yowe.

"Vumilia mwanangu, namalizia," baba alisema, bado ameinamia tairi.

Walipofika kliniki, daktari Jenifa alimvua viatu. Nyayo zilikuwa zimechubuka, zinavuja damu.

"Mzee, binti ametembea kutoka wapi?"

"Hajatembea, daktari. Nimempakia mimi."

Daktari akamgeukia Esperansi. "Wewe ni mtu mzima sasa. Nakuuliza wewe."

Miaka yote baba ndiye aliyejibu. Esperansi akamtazama. "Baba, naomba unisubiri nje."

Mzee Minani akasita, akatoka. Mlango ulipofungwa, Esperansi akaanza kueleza. Daktari hakucheka. Alisafisha vidonda taratibu, akachomoa mwiba mrefu kisiginoni, akauweka kwenye kisahani.

"Endelea," akasema.