Dole Gumba la Bualoi

Barua ya kamati ya mkoa ilikuwa na mistari saba, na sita kati ya hiyo ilikuwa vyeo na salamu. Mmoja uliobaki ulisema ombi la fidia la Bi Bualoi limekataliwa, kwa kuwa udhaifu wa mikono na miguu ulimwanza kabla hajachanjwa. Asiporidhika, akate rufaa ndani ya siku thelathini. Phikun aliisoma mara tatu chini ya nyumba ya kaka yake iliyosimama juu ya nguzo, kando ya kitanda cha kufumia hariri ambacho hakikuwa kimeguswa tangu mwaka uliopita.

Uongo mtupu. Bualoi, mke wa kaka yake, alikuwa buheri wa afya siku ile, na Phikun ndiye aliyempeleka kwenye sindano. Alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji wa kujitolea, mwaka wa kumi na sita huo, na ugonjwa wa mlipuko ulipoingia alipewa nyumba kumi na mbili za kushawishi zikubali chanjo. Watu walikuwa wagumu, kila mmoja akimtegea mwenzake. Nani angekubali ikiwa wifi ya mhudumu mwenyewe hajachanjwa? Basi Bualoi akatangulia. Chanjo iliwakinga wengi pale kijijini, hata wabishi walikuja kukiri. Lakini siku ya tisa Bualoi aliangusha uzi, akainama kuuokota, vidole vikakataa. Baadaye miguu nayo ikamsusa. Madaktari walisema hutokea kwa nadra sana. Nadra kwa wanaohesabu, aliyeangukiwa ameangukiwa.

Phikun aliwasha pikipiki akaenda hospitali ya wilaya, kichwani ameshawapangia matusi yao. Muuguzi wa masjala alimfungulia faili bila ubishi, akamwonyesha kwa kidole: mgonjwa mwenyewe amesema ganzi ilimwanza msimu wa kupandikiza mpunga, wiki mbili kabla ya sindano. Matusi yalimwishia mdomoni. Alirudi polepole, akihisi aibu bila kujua ni ya nini.

Alimkuta Bualoi ameegemezwa kwenye nguzo. Akanawa, akamfinyangia matonge ya wali wa kunata, akayachovya kwenye mchuzi wa samaki wa kuvundika na kumlisha. Alipomaliza ndipo akauliza.

"Wewe ndiye uliyemwambia daktari ulianza kuumwa kabla?"

"Ndiyo mimi."

"Kwa nini, wifi?"

"Si ulikuwa umesimama pale nje ya mlango wake na sare yako? Nyumba saba zilikuwa bado. Ningesema ni sindano, nani angekufungulia mlango tena?" Bualoi alicheka kidogo. "Nilidhani nitapona, dada. Kumbe."

Phikun alilia, na alikuwa na sababu kubwa kuliko aliyoijua wifi yake. Siku ya kumi alipita kukagua waliochanjwa, akaviona vile vidole kwa macho yake, kisha akaandika daftarini kwamba nyumba zote salama, hakuna malalamiko. Naye alizihofia zile nyumba saba. Mficha maradhi kifo humuumbua, husema watu; hawa wawili walifichiana, na ugonjwa ukawaumbua wote wakiwa hai.

Siku hiyohiyo aliandika kurasa mbili za rufaa. Alieleza kuwa wifi yake alikuwa mzima, kuwa vidole alivishuhudia, na kuwa daftari lake lilisema uongo. Alijua atavuliwa sare, na kwamba hekaluni kuna watakaosogeza mikeka yao mbali akikaa. Ilibaki sahihi ya mwombaji tu, na kwa kuwa Bualoi hakuweza kushika kalamu, dole gumba lingetosha.

Bualoi alisomewa yote chumbani, akasikiliza hadi mwisho.

"Chana hiyo karatasi," alisema. "Mimi nimeshaharibika. Tuharibike wawili ili iweje?"

Phikun alimkumbusha mazoezi ya viungo ya kule mjini, ambayo walikuwa wameyaacha kwa kukosa nauli na ada. Alimkumbusha mumewe, anayebeba matofali Bangkok na bado mshahara haufiki katikati ya mwezi. Daktari alisema vidole vinaweza kurudi, ila si kwa kukaa. Je, hataki kufuma tena? Bualoi aliugeuza uso ukutani.

"Nimesema sitaki."

Phikun alifungua kidau cha wino. Akauchukua mkono wa wifi yake, akalitenga dole gumba. Bualoi alijaribu kuuvuta. Ulitikisika kidogo tu, ukatulia. Alama ikatoka safi, mistari yote ikisomeka, na Phikun akaanza kuupangusa wino kwa ncha ya sarongi aliyojifunga kiunoni.

"Hata siku ya sindano nilikuambia sitaki," Bualoi alisema, bado ameutazama ukuta. "Ukanishika mkono hivihivi. Ila siku ile ulikuwa unacheka."