Waya wa Madhabahuni

Mimi ni fundi wa vyombo vya sauti, na naomba nieleweke tangu mwanzo: kanisani nilikuwa nakwenda kazini. Mke wangu ndiye aliyekuwa anakwenda kuabudu. Tulitoka nyumba moja, tukapita njia moja, tukifika mlangoni yeye anashika safu ya tatu mbele, mimi narudi nyuma kabisa kwenye meza yangu ya mikseri. Watu wananiita Baba Pacha, yeye Mama Pacha. Mapacha wenyewe wameshaolewa, tumebaki wawili.

Sasa, kuna jambo ambalo asiye wa kazi hii hawezi kulielewa. Fundi sauti hasikilizi maneno. Anasikiliza sauti. Mchungaji anaweza kutangaza kwamba paa linaungua, mimi nikasikia tu kwamba "s" zake zinapiga mluzi, nikapunguza kidogo. Miaka sita nilikaa kwenye lile jengo kila Jumapili, na ungeniuliza kumehubiriwa nini, ningekujibu kwamba spika ya kushoto inakwaruza.

Jumapili ninayoisimulia kulikuwa na mngurumo kwenye spika tangu asubuhi. Mngurumo mdogo, wa chini, ule unaomkera fundi peke yake huku wenzake wote wanaimba kwa raha zao. Nilijua ulikotoka. Waya wa maiki ulikuwa umechomekwa chini ya madhabahu, na pini yake imelegea. Nikasubiri nafasi. Mara mchungaji akanyamaza, kwaya nayo ikanyamaza, watu wameinamisha vichwa na kufumba macho. Nikasema moyoni, hapa hapa. Nikanyata katikati ya viti mpaka mbele, nikapiga magoti, nikaushika waya.

Kumbe mchungaji alikuwa ametoka kuuliza kama yupo mtu anayetaka kumkabidhi Yesu maisha yake, aje mbele.

Nikasikia kiganja cha moto kichwani. Maiki ikashuka mpaka mdomoni. "Ndugu yangu, sema pamoja nami." Nikainua uso nimweleze polepole kwamba niko kazini, na hapo ndipo nilipomwona mke wangu. Alikuwa ameanguka kati ya viti analia, kina mama wawili wamemshika mabega. Kwa miaka tisa alikuwa anafunga kila Jumatano kwa ajili yangu. Miaka tisa, na mimi kila Jumatano nakula na sehemu yake, eti chakula kisiharibike. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikasema pamoja na mchungaji. Nilitamka neno baada ya neno, la kutubu na la kukabidhi, huku mkono mmoja uko chini unakaza ile pini. Mngurumo ukaisha. Watu wakapiga makofi.

Nilijiambia nitamweleza jioni. Jioni simu haikumtoka sikioni, anawapa habari dada zake, mapacha, mpaka shangazi yake ambaye hasikii vizuri na ilibidi arudiwe mara tatu. Jumatano iliyofuata aliketi mezani akala. Alikula akaongeza. Baada ya wiki chache mashavu yalimjaa, akawa anaimba akifua, ananitania kama enzi za uchumba. Kila nikitaka kufungua mdomo, ulimi unakuwa mzito.

Mafundi wenzangu nao hawakuniacha salama. Waliniita Askofu. "Askofu, iwekee mikono hii amplifaya, imekata roho ghafla." Nilicheka nao, kwani ningefanyaje.

Nikaandikishwa darasa la waongofu wapya, wiki nane, kila Alhamisi. Nilikwenda ili nisiharibu mchezo, nisiwe mwongo nusunusu. Kilichoniudhi ni kwamba nilianza kusikia maneno. Yalikuwa yananiingia bila kunibishia hodi. Jumapili moja mchungaji alikuwa anaeleza jinsi mtu anavyoweza kumpa Mungu kila kitu na kubakiza kimoja mfukoni, mimi nikajisahau nikisikiliza maneno, spika ikapiga ukelele kanisa zima likaziba masikio. Miaka sita haikuwahi kutokea. Nilipata aibu ya mwaka.

Nikajaribu kuomba mwenyewe, karakanani, mlango nimeufunga. Kila nikianza nakwama palepale. Bia ya Jumamosi nilikuwa nimeshaiacha na wala sikuikumbuka sana. Sikubakiza bia. Nilichobakiza ni ile furaha ya mke wangu, niliyompa kwa uongo na kila siku nikaiona mezani inakula na kucheka. Nikiitoa, ninamvunja moyo, na pengine ninampoteza kabisa. Nikiing'ang'ania, basi ninayemwomba ninamdanganya pia. Niliogopa, sifichi. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa umeme.

Jumamosi, kesho yake nikiwa wa kubatizwa, nilimkuta sebuleni ananipigia pasi shati jeupe alilonishoneshea. Nikapiga moyo konde.

"Mama Pacha, siku ile sikuja mbele kuokoka."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kukaza waya."

Akacheka. Mimi ni mtu wa utani na alidhani ndio utani wangu. Halafu akaniangalia usoni vizuri, na kicheko kikamkauka.

"Lakini maneno uliyasema."

"Niliyasema kwa sababu nilikuona unalia."

Akaichomoa pasi ukutani, akaisimamisha taratibu kana kwamba ingeweza kuvunjika. "Nilisimama mbele ya watu nikatoa shukrani," alisema. "Nililia mpaka nikapoteza kiatu. Baba Pacha, nilimshukuru Mungu kwa ajili ya waya?"

Nikaliangalia lile shati jeupe.

"Na leo unaniambia ili iweje?"

"Kesho nataka niingie majini kwa kweli."

"Kwa kweli. Na siku ile pia ulisema kwa kweli. Mimi nitajuaje?"

"Hutajua," nikamwambia.

Akaingia chumbani akafunga mlango. Sikumfuata. Asubuhi nilipoamka alikuwa ameshatoka, na shati lilikuwa pale pale lilipoachwa, mkono mmoja bado na mikunjo. Nikalivaa hivyo hivyo.

Bwawa la ubatizo ni la saruji, liko nyuma ya kanisa, na maji yake yana baridi ya kuuma mifupa. Tulikuwa watano. Kila mmoja alishuka, akasimama maji yakiwa kiunoni, akasimulia siku aliyompa Yesu maisha. Zamu yangu ilipofika, macho yangu yalimtafuta mke wangu yakampata kwenye benchi la mwisho, ameinamia mapaja yake.

"Siku ile mliyonipigia makofi," nikasema, "nilikuwa nakaza pini ya waya. Nilidanganya. Nimemwambia mke wangu jana, na hajanisemesha tangu hapo."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakaacha. Mchungaji alibaki ananitazama, maji yanamdondoka kwenye mikono ya kanzu.

"Basi umempa Mungu maisha yako lini?"

"Jana, sebuleni. Nilipoona kwamba naweza kumpoteza huyu mama, na bado nikasema."

Pale kwetu, kabla mtu hajazamishwa, mchungaji huuliza ni nani aliyemwombea, na mtu huyo husimama. Kwa wale wanne waliotangulia walisimama mama, kaka, jirani, mume. Akageuka kwa watu akauliza, "Nani amemwombea huyu?"

Kimya. Nimefanya kazi na vimya vingi, najua kila kimya kinavyoanza na kinavyoisha, lakini kile sikukijua mwisho wake. Nilisimama, mikono nimeiachia tu majini. Nikamwambia Mungu, hata asiposimama, nichukue.

Benchi la mwisho likalia. Alikuwa amesimama, macho mekundu, mkoba ameukumbatia kifuani, na hakuwa amenisamehe, hilo hata kipofu angeliona.

"Mimi," alisema. "Miaka tisa. Na Jumatano hii naanza upya."

Mchungaji akanishika shingoni na mgongoni, akanizamisha.