Sekendi wa Tanuri

Katika ile nyumba ya mikate, neno moja lilifanya kazi ya watu wanne na halikuwahi kuomba likizo. Neno lenyewe ni sekendi.

Fundi, mwenye tanuri, ndiye aliyelitumikisha hivyo. Mteja akibisha dirishani na mikate haijatoka, Fundi alimwambia, "Sekendi moja tu, ndugu yangu," na mteja mzoefu alitafuta mahali pa kukaa, maana katika sekendi moja ya Fundi mtu angeweza kuanza kusukwa nywele na akamaliza. Donge la unga likishaumuka mara ya kwanza, likakandwa tena, likakatwa, likatiwa kwenye mabati na kuachwa liumuke upya, kule kuumuka upya nako kuliitwa sekendi. "Hayo mabati msiyaguse, yapo sekendi." Mkate uliopasuka ubavuni, au ulioinama upande kama mtu anayeumwa jino, ulitengwa kwenye kapu la dirishani ukauzwa rahisi, na huo pia ulikuwa sekendi.

Halafu kulikuwa na sekendi mtu. Huyu alisimama na Fundi mdomoni mwa tanuri, akapokea mikate, akalinda moto Fundi akitoka kupunga upepo, na Fundi akiwa hayupo, yeye ndiye aliyesema mikate imeiva au haijaiva. Kazi hiyo ilikuwa ya mke wake, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye kila mtu pale, hata Fundi mwenyewe, alimwita Bi Mkubwa. Alikuwa mke wa pekee, hakuna mwingine mbele yake wala nyuma yake. Ukubwa wake ulikuwa wa heshima tu, na wa umbo kidogo, kama alivyopenda kusema mwenyewe.

Chini ya hao wawili alikuwapo binti mmoja wa kupaka mabati mafuta na kupanga mikate rafuni. Bi Mkubwa alimpa jina la Macho, kwa sababu alikuwa akisimama na brashi mkononi kulitazama tanuri mpaka mafuta yanamdondokea mguuni.

"Wewe Macho, unalitolea posa hilo tanuri?" Bi Mkubwa alimtania siku moja.

"Naangalia tu, Bi Mkubwa."

Na kweli aliangalia. Shule yake iliishia ya msingi, na tangu hapo alichojifunza alijifunza kwa kuangalia. Alijua kona ya kushoto ya tanuri ina hasira kuliko ya kulia. Alijua Fundi akigonga mkate kitakoni na ukajibu kwa mlio wa kitu kitupu, umeiva. Ukijibu kama mlango wa mbao nzito, unarudi ndani. Alikuwa akiugonga kichwani mwake kabla Fundi hajaugonga, kisha anangoja kuona kama wamekubaliana. Siku hizi walikuwa wakikubaliana karibu kila mara. Hakumwambia mtu. Lakini hakukuwa na kitu alichokitaka duniani kama kusimama mdomoni mwa lile tanuri.

Magoti ya Bi Mkubwa ndiyo yaliyomfungulia njia. Yalianza kwa kulalamika akiinama, yakaendelea kulalamika akiinuka, mwisho yakawa yanalalamika amekaa. Alasiri moja, mikate ikiwa imekwisha na Fundi anafagia majivu, alimwita Macho.

"Nimeongea na Bi Mkubwa," alisema bila kuacha kufagia. "Nataka uwe sekendi wangu."

Macho alishika rafu.

"Ila kazi hiyo inaanza saa kumi alfajiri. Siwezi kumtoa mtoto wa watu gizani bila kukaa na wakubwa wake. Mwambie shangazi yako kesho alasiri nitakuja, mimi na Bi Mkubwa."

"Nitamwambia."

"Umekubali lakini?"

"Nimekubali, Fundi."

Alirudi nyumbani miguu haikanyagi chini. Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, uzi ameung'ata menoni. Binamu yake, mtoto wa Shangazi, ambaye alikuwa sekondari na kwa hiyo ndiye mkalimani wa nyumba, alikuwa mezani na vitabu vyake.

"Shangazi, kesho alasiri Fundi anakuja kuongea na wewe."

"Kuna nini? Umevunja kitu?"

"Sijavunja. Anataka niwe sekendi wake."

Shangazi akatoa uzi mdomoni. "Ndiyo kusema nini?"

"Ndiyo kusema wa pili, mama," binamu akajibu kwa niaba, macho yake bado kitabuni. "Wa kwanza, wa pili. Sekendi ni wa pili."

Cherehani ikasimama.

"Awe wa pili wake," Shangazi alisema polepole. "Na huyo Fundi anakuja peke yake?"

"Anakuja na Bi Mkubwa."

"Bi Mkubwa naye anakuja."

"Yeye ndiye aliyeafiki kwanza."

Shangazi alimtazama mpwa wake kana kwamba amemwona akivuka barabara amefumba macho. "Na wewe ukasemaje?"

"Nimekubali, Shangazi. Nimeingoja hii siku muda mrefu."

Hakuulizwa tena. Shangazi aliikunja ile sare ikiwa na mkono mmoja tu, akaifunika cherehani. "Kesho huendi kazini," alisema. Akaingia chumbani.

Kuna jambo ambalo Macho alilijua lakini siku hiyo halikumjia akilini. Shangazi aliwahi kuwa wa pili wa mtu. Aliingia kwenye nyumba yenye bi mkubwa wake, akakaa humo miaka akila mwisho na kusemwa mwanzo, na siku alipotoka alitoka na mtoto mgongoni na cherehani kichwani. Tangu hapo neno hilo halikutajwa ndani ya nyumba ile. Macho alidhani Shangazi amechukia giza la alfajiri tu. Alilala akitafuta maneno ya kumwondolea hofu ya njia, na kwa kuwa hakuwa mtu wa maneno, hakuyapata.

Siku ya pili yake Shangazi alisugua sakafu mpaka ikaomba radhi. Akaweka viti viwili, na cha kwake akakiweka mkabala, kama cha hakimu. "Ninyi wawili mkae chumbani," aliwaambia mabinti. "Wewe hasa, usitoe mguu mpaka nikuite."

Kwa hiyo wageni walipopiga hodi, Macho alikuwa nyuma ya pazia, amekaa ukingoni mwa kitanda, binamu yake ubavuni. Alisikia viti vikilia, cha Bi Mkubwa zaidi. Alisikia harufu ya mikate iliyofungwa kwenye kitambaa safi.

"Tumekuja na hii ya leo asubuhi," alisema Fundi.

"Asante. Iweke hapo." Sauti ya Shangazi ilikuwa baridi ya kugandisha maji.

"Shangazi yetu, nadhani binti ameshakudokeza."

"Amenidokeza. Nataka kusikia kwa kinywa chako."

Fundi alikohoa. "Basi, mimi nimemtazama huyu binti muda mrefu."

"Muda mrefu."

"Tangu siku aliyokuja. Mikono myepesi, haringi, hana maneno mengi. Nikasema moyoni, huyu anafaa."

Shangazi akamgeukia mke. "Na wewe, dada yangu, alipokuambia hayo ulifanya nini?"

"Aniambie yeye? Mimi ndiye niliyemwambia," alisema Bi Mkubwa. "Nilimwambia, mume wangu, usihangaike kwenda mbali. Macho si yuko hapa hapa?"

"Wewe ndiye umemchagulia."

"Nimechoka, dada. Tangu usichana wangu niko naye. Kila siku kuamka gizani, joto, jasho, vuta, sukuma. Magoti yamekataa. Sasa na mwenzangu naye aonje."

Nyuma ya pazia binamu alijiziba mdomo kwa mto. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Una nini?" Macho alinong'ona.

"Dada, mama anadhani unaolewa."

"Na nani?"

"Na Fundi. Ukewenza."

Macho alihisi uso umemuwaka kama ameufungulia tanuri. Alitaka kutoka, lakini alikuwa ameambiwa asitoe mguu, na hajawahi kumkaidi Shangazi tangu aletwe pale mdogo. Nje mazungumzo yalikuwa yakizidi kupotea njia.

"Na huyo binti atakuwa akilala wapi?" Shangazi aliuliza.

Fundi alishangaa. "Alale? Si hapa hapa kwako. Kwangu anakuja alfajiri, saa sita mchana namruhusu anarudi."

"Yaani hata chumba hutampa."

"Chumba cha nini, Shangazi?"

"Anakuja kwako gizani, unamrudisha mchana kama sufuria ya kuazima."

"Lakini ndivyo tulivyozoea," Fundi alisema, sasa jasho likimtoka kwa kweli. "Hata huyu wa kabla ya Bi Mkubwa, dada yangu wa tumbo moja, alikuwa anakwenda na kurudi."

Hata binamu aliuondoa mto mdomoni.

"Dada yako wa tumbo moja," Shangazi alirudia. Kiti chake kikasogea, amesimama. "Bwana, shika mkate wako. Mpwa wangu hana baba, lakini ana mimi. Jibu langu ni hapana, na kazini kwako harudi tena, hata kwa mabati."

Neno lile la mwisho ndilo lililomwinua Macho. Tanuri alikuwa analiona likiondoka, na mabati, na ile sauti ya mkate kitakoni, vyote vinatoka mlangoni na kufungwa kwenye kitambaa. Alilivuta pazia akatoka.

"Nimesema usitoe mguu."

"Nisamehe, Shangazi. Ni sekendi wa tanuri."

"Wa nini?"

"Wa tanuri. Si mke." Hakuwahi kusema mengi mbele ya watu, na sasa yalitoka yote kwa pamoja. "Fundi anaoka, sekendi anampokea mikate. Mikate ile mibovu nayo ni sekendi. Unga ukiumuka mara ya pili ni sekendi. Akimwambia mteja asubiri ni sekendi. Ni neno moja tu, Shangazi, analipaka kila kitu. Bi Mkubwa ndiye sekendi wake pale motoni, na kabla yake alikuwa dada yake. Sasa Bi Mkubwa magoti yanamuuma. Amechoka na tanuri. Hajachoka na mume."

"Na mume nimechoka pia," alisema Bi Mkubwa, "ila huyo simgawi."

Fundi alikuwa amefungua mdomo na kusahau kuufunga. Alimtazama Shangazi, akamtazama mke wake, akaitazama mikate. "Mimi?" alisema mwishowe. "Mimi nioe wa pili? Huyu mmoja tu ananiweka kwenye kapu la dirishani."

Shangazi alikaa. Alianza kwa kufuta jicho moja kwa ncha ya kanga, na wote wakadhani analia, mpaka kicheko kilipomponyoka, kicheko ambacho Macho hakuwa amekisikia kwa miaka. Bi Mkubwa alimfuata, kiti kikawafuata wote wawili kwa kulia. Binamu alitoka chumbani akijifanya amekuja kuchukua kitabu.

"Na wewe mkalimani," Shangazi alimwambia, akihema. "Sekendi ni wa pili."

"Kwani si wa pili, mama? Wewe hukuniuliza wa pili wa nini."

Wakakata mkate, chai ikaletwa, na neno la maana likaongelewa: ile njia ya gizani. Fundi alisema nyumba yake iko mtaa wa nyuma, atampitia kila alfajiri na kubisha. Shangazi alilifikiria hilo, vidole vikichezea makombo.

"Sawa. Mlango nitafungua mimi mwenyewe, nimwone anatoka na nani. Lakini sikiliza, Fundi. Siku nitakayosimama pale na taa nikisikia 'sekendi moja' kutoka huko barabarani, nafunga, narudi kulala, na mtoto anabaki."

"Nitawahi, Shangazi."

"Hajawahi popote," Bi Mkubwa alisema, "lakini kwa hilo nitampiga teke mimi."

Jumatatu yake Fundi alifika kabla ya wakati. Shangazi alimtazama Macho akijifunga aproni ya Bi Mkubwa, ambayo ilimzunguka na kutaka kumzunguka tena. Aliichukua mikanda yake, akaifunga yeye mwenyewe kwa nyuma, fundo la mtu anayejua nguo. "Nitaipunguza jioni," alisema. "Nenda."

Lile tanuri, ukilisimamia mdomoni, lilikuwa na joto la kuunguza nyusi. Macho alilipenda hata hivyo. Fundi alivuta mikate kwa ule ubao wake mrefu, yeye akaipokea kwa vitambaa, akaigeuza, akaigonga. Mikate ya kona ya kushoto aliitaka itoke mapema, na Fundi aliitoa bila kuuliza.

Kulipokucha mteja wa kwanza alibisha dirishani. Fundi, ameinama motoni, akapaza sauti. "Sekendi!"

Macho alisita kidogo tu. Mteja aliambiwa asubiri, au kapu lisogezwe, au mabati yachunguliwe, au ameitwa yeye? Aligonga mkate uliokuwa mkononi, ukajibu vizuri, akaupeleka dirishani. Fundi aliinua kichwa, akaona alichokitaka kimeshafanyika, akarudi kwenye moto wake.

Saa sita alirudi nyumbani na kifurushi chini ya kwapa. Shangazi alikuwa kwenye cherehani, uzi menoni.

"Sekendi wa tanuri amerudi," alisema. "Umekuja na sekendi?"

"Ipi, Shangazi?"

"Ile ya kuliwa."

Macho akaufungua mkate juu ya meza. Ulikuwa umepasuka ubavuni na kuinama upande. Kosa lilikuwa lake, kwa sababu mara moja, asubuhi ile, aliikosea kona ya kulia. Shangazi aliumega pale penye ufa, akatafuna, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamvutia kiti kwa mguu.

"Kaa basi. Nieleze ulivyouharibu."