Sauti Yangu Iliimba Bila Mimi

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana ya Waya, skafu shingoni kuficha bandeji, nilipoisikia sauti yangu ikiimba. Mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Daktari alikuwa amenikataza kuimba, hata kwa kunong'ona. Lakini sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa yangu bila ubishi: ile ya juu, kali kama bati linalokatwa, iliyotufanya tufukuzwe kwenye kumbi na kisha tuitwe tena. Iliimba maneno nisiyoyajua, katika wimbo nisiowahi kuusikia, na iliimba vizuri sana.

Waya aligeuka akaniona. Alicheka mpaka jino la mwisho likaonekana.

"Dada! Mbona umewahi? Umeiharibu zawadi yako mwenyewe."

Waya ni mtoto wa mama yangu mdogo. Jina hilo alilipata utotoni, siku aliposhusha waya wa kuanikia nguo, pamoja na nguo zake zote, ili apate antena. Alipokua alifungua karakana ya kutengeneza simu na redio. Vifaa ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua alivichokonoa, akaviunganisha kimoja na kingine, vikaanza kutoa milio ambayo hata yeye hakuwa na jina lake. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vinanda vya bendi yetu. Sista, muuguzi wa wodi ya wazazi, ndiye aliyepiga ngoma, nusu ngoma za kweli na nusu sahani za mpira zilizofungwa kwenye kompyuta. Alisema mtu akishinda anabembeleza watu kutwa nzima, jioni lazima apate kitu cha kupiga. Na mimi nilikuwa mdomo. Mchana niliuza rangi za nyumba, nikiwajibu kwa upole wateja wanaotaka nyeupe isiyo nyeupe sana. Jioni nilipiga kelele.

Watu wakiuliza ni muziki gani, Waya alijibu kuwa ni panki ya kielektroniki, ya majaribio. Mama yangu aliposikia neno panki alinitazama nywele.

Albamu yetu ya kwanza aliisikiliza mara moja, amekaa wima kama yuko kwenye usaili. Ilipokwisha akasema, "Sauti unayo, mwanangu. Sijui kwa nini unaitesa." Nilimwelewa. Mama alikuwa mshonaji wa mapazia, mjane, na sauti yangu ndiyo kitu pekee nyumbani mwetu alichowahi kujivunia mbele za watu. Nikiwa mdogo alinisimamisha katikati ya sebule kila alipokuja mgeni, nikaimba mpaka chai ikapoa. Nadhani nilianza kupiga kelele ili nipate kuchagua mwenyewe wakati wa kuimba, na namna ya kuimba.

Kisha shingoni pakaota uvimbe. Daktari, mtu mpole mwenye vidole vya baridi, alisema hauna ubaya wowote ila umekaa pabaya, kwa kuwa mishipa ya sauti inapita hapohapo. Alisema atajitahidi. Neno hilo Sista alilijua vizuri kazini kwake, ndiyo maana tuliporudi naye alinishika mkono njia nzima.

Waya ndiye aliyekuja na wazo. "Tuiweke akiba," alisema.

Kazi hiyo tuliifanyia kwenye chumba cha ushonaji cha mama, kwa sababu hapakuwa na mahali patulivu zaidi. Majora ya vitambaa yalijaa mpaka darini na mapazia mazito yalining'inia kila ukuta, hata ukikohoa mwangwi haurudi. Niliketi chini ya meza ya kukatia, maikrofoni mbele yangu, nikasoma silabi kama mtoto wa darasa la kwanza. Ba, be, bi, bo, bu. Kwa chini, kwa kati, kwa juu. Kwa hasira. Kwa kicheko. Kwa kunong'ona. Waya aliandaa kisanduku ambacho kila silabi ingekuwa na mahali pake, nawe ukibonyeza, inaimba. Mama alizima cherehani ili asitusumbue, akahamia upande wa pili kupinda mapindo kwa mkono. Nilicheka sana siku zile. Kwangu kile kisanduku kilikuwa tairi la akiba tu, linalozunguka na gari miaka yote bila kuguswa.

Upasuaji ulikwenda salama. Kila aliyekuja kuniona aliniambia nishukuru, nami nikashukuru kwa kuinamisha kichwa. Siku niliporuhusiwa kusema nilisema, "Maji," na muuguzi aliyekuwa ananitandikia kitanda akageuka kuangalia ni nani aliyeingia. Ilikuwa sauti ya mzee aliyelala vibaya. Daktari alisema tusubiri. Tulisubiri, na mzee yule hakuondoka.

Sasa kule karakanani, Waya alinikalisha juu ya ndoo tupu ya rangi niliyowahi kumletea mwenyewe kutoka dukani, akanichezea albamu nzima toka mwanzo. Walikuwa wameitengeneza nilipokuwa nimelazwa na baadaye nilipokuwa nauguza koo nyumbani. Ningependa kusema kwamba ilikuwa mbaya. Haikuwa mbaya. Milio ilikuwa inakuja kwa mawimbi na kukatika ghafla, ngoma za Sista zilikuwa zimekomaa, na katikati yake nilikuwepo mimi, nikipanda mahali ambapo sikuwahi kufika hata nilipokuwa mzima, bila kuvuta pumzi, bila kuchoka. Nilijionea wivu. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kuupata wivu wa namna ile, na simwombei.

"Maneno nani kaandika?" nilinong'ona.

"Sisi. Lakini ni wewe, dada. Hakuna sauti humo ambayo haikutoka kooni kwako." Macho yake yaling'aa. "Nilitaka ukirudi ukute kila kitu kiko tayari. Usihangaike na lolote."

Sista alikuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, amepakata vijiti, anavitazama. "Mimi nilimwambia tukuulize kwanza," alisema.

Sikuwa na sauti ya kugombana. Niliipokea nakala waliyonipa, nikarudi nayo nyumbani.

Mama aliipenda. Yeye aliyekuwa akifunga mlango tulipofanya mazoezi, sasa aliiweka redioni asubuhi kabla hajaanza kazi na kuirudia ikiisha. Aliwachezea wateja wake wa mapazia. "Huyo ni binti yangu," aliwaambia, nao wakaitikia kwa heshima ya mtu ambaye bado hajaelewana bei. Mimi nilipita nyuma yao na kikombe changu cha maji ya uvuguvugu, nikawasalimu kwa kuinamisha kichwa.

Siku moja mchana niliingia chumbani kwake kumuuliza kama ameziona dawa zangu. Alikuwa amenipa mgongo, mguu kwenye cherehani, redio pembeni inaimba. Niliita, "Mama." Aliinua kidole kimoja juu bila kugeuka.

"Hebu nyamaza kidogo, mwanangu. Nakusikiliza."

Akaendelea kushona. Hakujua alichokisema, na mpaka leo sidhani kama anakijua. Nilirudi chumbani kwangu nikakaa kitandani. Nilikuwa na hasira, na uchungu, lakini zaidi nilikuwa na hofu, kwa sababu niliona jinsi mambo yatakavyokwenda. Yule wa redioni angebaki binti wa mama na mdomo wa bendi. Mimi ningebaki mgonjwa wa nyumba ile, mtu wa kuulizwa kama amekunywa dawa.

Kesho yake nilikwenda karakanani. "Naimba," niliwaambia.

Waya aliweka chini bisibisi. "Dada, koo bado bichi."

"Limepona," alisema Sista. Alinishika kidevu, akaniinua uso kuelekea dirishani, akalikagua kovu kama anavyokagua mishono ya wazazi wa wodini kwake. "Limepona. Ndivyo lilivyo sasa."

"Lakini albamu imekwisha!" Waya alikuwa karibu kulia. "Ni nzuri. Wewe mwenyewe unajua ni nzuri. Unataka tuiharibu?"

"Ndiyo," nilisema. "Kwani sisi ni bendi ya panki au ni kwaya ya harusi?"

Sista aliangua kicheko, na hicho ndicho kilichoamua.

Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyotarajia. Nilipojaribu kupanda juu, sauti ilikatika katikati ya neno na kubaki pumzi tupu, kama bomba siku isiyo na maji. Waya hakuweza kuvumilia. Kila ilipokatika, mkono wake ulienda wenyewe kwenye kisanduku ili kizibe pengo. Mara ya kwanza nilimwacha. Mara ya pili nikamshika kifundo cha mkono.

"Acha hivyohivyo."

"Lakini hapo hakuna kitu, dada. Kuna shimo."

"Basi acha shimo."

Aliushusha mkono. Kisha akasema, taratibu, "Nilikuwa nakutunza tu."

"Najua, mdogo wangu. Lakini mimi nipo."

Aliuchomoa waya wa kisanduku, akakifuta vumbi kwa mkono wa shati lake na kukiweka rafuni, kati ya redio zisizo na wenyewe. Baada ya hapo hakukigusa tena. Nyimbo zilibaki na vipande ambapo sikio linasubiri sauti ipande, nayo haipandi, na ngoma zinasubiri pamoja nawe. Baadaye waliozoea kuandika kuhusu muziki walisema mapengo yale ni ujasiri wa kisanaa, kwamba tumevunja mfumo wa wimbo. Waya aliyakata maandishi hayo na kuyabandika ukutani. Mimi nilijua ni koo tu.

Tuliizindua albamu siku ya mapumziko, alasiri, katika jengo lililowahi kuwa kiwanda cha mikate. Mama alikuja. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Alivaa gauni lake la harusi za watu, akaketi kiti cha mbele na mkoba mapajani, amezungukwa na vijana wenye vipini puani na suruali zilizochanika kwa makusudi. Mmoja alimpisha njia kwa adabu kabisa na kumwita bibi. Niliona alivyojiweka sawa, tayari kusikia kile alichokuwa akikisikia chumbani kwake kila siku.

Nilikuwa nimemwambia tumerekodi upya. Sikuwa nimempa aisikie.

Tukaanza. Nilipofungua mdomo niliona macho ya mama yakihama kutoka kwangu, yakaenda kwa Waya, kwenye spika, nyuma ya pazia, kama mtu aliyekuja kumpokea mgeni kituoni na abiria wote wameshashuka. Wimbo wa pili alitazama mikono yake. Katikati ya wa tatu akasimama, akauweka mkoba begani, akatoka.

Niliendelea kuimba. Sikuwa na jingine la kufanya, na watu walikuwa wanaruka. Lakini nikawaza kwamba huenda Waya alikuwa sahihi, kwamba nimeng'ang'ania kuwanyang'anya watu wawili ninaowapenda kitu kizuri ili niwape hiki. Hapo ndipo kompyuta ikaganda. Muziki ulikwama kwenye mlio mmoja, ukakoroma, ukafa. Waya alianza kuibembeleza na kuitukana kwa zamu. "Mtuvumilie kidogo!" alipiga kelele, na vijana wakashangilia, wakidhani nayo ni sehemu ya wimbo. Niliiweka maikrofoni chini, nikatokea mlango wa nyuma.

Mama alikuwa ameketi kwenye ngazi za kupakulia unga, mkoba mapajani. Alikuwa analia waziwazi, kama watu wanavyolia msibani.

"Imekuudhi?" niliuliza.

Alitikisa kichwa kukataa. Alijifuta uso kwa kiganja. "Nimetoka nimlilie yule mwingine," alisema. "Yule niliyekuwa namsimamisha sebuleni. Amekwenda zake, tukamtia kwenye kisanduku, tukapiga makofi. Hakuna hata mmoja wetu aliyemlilia."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Wote walikuwa wameniambia nishukuru, nami nilikuwa nimeshukuru kwa bidii kiasi kwamba sikupata nafasi ya kusikitika. Niliketi kando yake kwenye saruji, na kilio kikanitoka. Hata kilio changu kilikuwa kimebadilika, kizito, cha kukwaruza, sikukitambua. Mama alikisikia akageuka. Alinyoosha mkono, akailegeza skafu yangu, akaweka kiganja chake juu ya kovu. Hakuwahi kuligusa kabla ya siku ile.

"Sema kitu," aliniambia.

"Kitu gani?"

"Chochote. Wewe sema tu."

Basi nikamsimulia. Nilimweleza habari za mteja aliyerudisha rangi kwa sababu mkewe aliiota vibaya, na Waya alivyounguza nyusi zake akichomelea waya, na Sista anavyopiga mdundo kwa vidole kwenye chuma cha kitanda cha mgonjwa bila kujijua. Sauti ilikwaruza, ikakatika, ikarudi. Mama aliinamisha kichwa upande wangu, kiganja kikiwa palepale, na nilihisi maneno yangu yakipita chini ya mkono wake. Mara moja alicheka.

Mlango ulifunguka, Sista akatokeza, jasho likimtiririka na vijiti mkononi. Kompyuta ilikuwa imeamka, watu walikuwa wanapiga miguu sakafuni wakiniita.

"Ngoja kwanza, binti yangu," mama alimwambia bila kugeuka. "Bado anaongea."