Besi za Bomba la Mabatini

Tuwekane sawa kwanza. Mimi ninayesimulia sijawahi kunywa maji ambayo hayajachemshwa, wala kumpa mtu. Nina cheti cha kidato cha nne, na Biolojia nilipata C. Waulizeni watu wa Mabatini. Ila Bibi Getruda msimuulize, ametoka kuumwa juzi tu, mwacheni apumzike.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Selina alifungua bomba la uani ili ajaze ndoo. Selina anauza chai na vitumbua jirani na meza yangu ya kutengenezea simu, na anaishi na mama yake, huyo Bibi Getruda. Maji yalitoka safi kwa macho, hayana harufu, na yalikuwa yanaimba.

Wimbo haukuwa na maneno. Zilikuwa sauti nene za kiume, za chini kabisa, kama watu wanafanya mazoezi nyuma ya mwamba. Selina alitazama kama ni redio ya jirani. Haikuwa redio. Alifunga bomba, wimbo ukabaki ndani ya ndoo. Akabandika sufuria kama kila siku. Maji yalipoanza kutokota, sauti zilishuka moja moja, kama watu wanaoketi kwenye mabenchi, halafu kukawa kimya. Akatia majani ya chai.

"Mama, maji yanaimba leo."

"Sauti ya ngapi?" Bibi Getruda akauliza kutoka ndani.

"Ya nne."

"Besi," bibi alisema, akafumba macho. Aliimba sauti ya pili kanisani miaka thelathini na minane, mpaka koo lilipokataa. "Usichemshe yote basi. Niachie kikombe kimoja nisikilize."

"Kusikiliza ni kwa masikio, mama. Wewe utakunywa."

"Hunijui."

"Nakujua sana."

Kufikia Alhamisi mtaa mzima ulikuwa unaimba. Wanawake walipanda kwenye mawe na ndoo kichwani, kila ndoo na kipande chake, na chini ziwa lilikuwa limetulia kama nalo linasikiliza. Malalamiko yalikuwa machache, tena ya kawaida: maji ya fulani yanaimba vizuri kuliko ya kwetu.

Aliyefurahi kuliko wote ni Josephat, mwalimu wa kwaya. Waimbaji wake wanne wa besi walikuwa wamehamia Geita, migodini, na mashindano yalikuwa Jumapili baada ya Pasaka, dhidi ya watu wa Mkuyuni wenye besi saba na kinanda kipya. Josephat alipanga ndoo kumi na mbili mstari wa nyuma, akapiga noti, ndoo zikajibu. Alizifunga vitambaa vya zambarau ili zifanane na sare. Moja ilikuwa inapanda juu kidogo. Akaipunguza maji, ikakaa.

Shida ilikuwa moja tu. Maji yaliyochemshwa hayaimbi. Kwa hiyo watu wakaacha kuchemsha. Ukionekana umebandika sufuria, jirani anachungulia juu ya ukuta: "Wee, unaua kwaya?" Selina aliambiwa hivyo mara nne. Aliendelea kuchemsha, na maji ya mama yake aliyafungia kabatini.

Wiki hiyo watu saba walianza kuharisha maji meupe kama yaliyooshewa mchele. Ukiweka sikio kwenye matumbo yao unasikia wimbo uleule. Mahema yalisimamishwa kwenye uwanja wa mpira, wakalazwa kwenye vitanda vyenye tundu katikati, ndoo chini, dripu mkononi. Wauguzi walijikuta wanatembea kwa mdundo.

Bwana afya, Okeyo, alikuja na gambuti na kile kipimo cha masikioni cha madaktari. Alisimama bombani akaeleza taratibu.

"Ndugu zangu, hao ni bakteria wa kipindupindu. Umbo lao ni kama alama ya mkato kwenye sentensi. Mmoja peke yake hasikiki. Ukiwasikia, ujue wako mamilioni."

"Mamilioni, na hawapishani hata kidogo," Josephat alisema kwa wivu. "Mimi nina watu ishirini na sita tu, kila mtu na wimbo wake."

Okeyo alilifuata bomba. Kila hatua kumi alipiga magoti, akaweka sikio chini, akainuka. Wimbo ulizidi kunenepa mpaka nyuma ya nyumba ya wageni ya mzee Machibya. Hapo bomba linapita ndani ya mtaro. Lina ufa, na ufa umefungwa mpira wa baiskeli. Mvua ikinyesha sana, choo cha wageni kinafunguliwa kwenye mtaro huohuo. Sauti ilikuwa nzito hadi maji ya mtaroni yalijichora duara. Kila mtu aliona. Hata Machibya mwenyewe aliona, alikuwa amesimama palepale anachokonoa meno.

"Pazuri hapa," alisema. "Panataka benchi."

Okeyo aliandika kurasa mbili na mchoro. Mkutano wa mtaa ulisomewa, ukapiga makofi, ukakubaliana bila mpinzani kwamba bomba lihamishwe na choo kichimbiwe shimo lake, baada ya mashindano. Maana tukibadilisha bomba wiki hii, tutaimba na nini?

"Na wagonjwa?" Okeyo aliuliza.

Aliambiwa wagonjwa wamewekwa kwenye maombi. Akaacha vidonge vya kutibu maji. Kidonge kimoja kwenye ndoo, sauti zinakwaruza, zinakata. Watu walivipokea kwa shukrani, wakavitunza vizuri sana kwenye droo.

Jumamosi Selina alikwenda sokoni kutafuta mchele wa vitumbua. Aliporudi alimkuta mama yake amejikunja kwenye mkeka, macho yamezama. Alimfinya ngozi ya mkono, ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa. Tumboni besi zilikuwa zinaimba, na juu yao, nyembamba, iliimba sauti ya pili. Ilikuwa sauti ya Bibi Getruda mwenyewe, ya zamani, kabla koo halijakataa.

Pembeni ya mkeka palikuwa na kikombe chekundu cha plastiki, kitupu. Selina hana kikombe chekundu.

"Nani amempa maji mama yangu?" aliuliza uani.

Mimi nilisema nilikuwa natengeneza simu, na ni kweli, simu ilikuwepo na ilikuwa mbovu.

Siku mbili Selina alikaa hemani, sikio lake juu ya tumbo la mama yake. Chupa za dripu zilibadilishwa, na kila sauti iliyonyamaza aliihesabu kama hatua moja ya mama kurudi nyumbani. Besi zilikwenda kwanza. Ile ya pili ilibaki peke yake muda mrefu. Selina aliitaka ikome, na hakutaka ikome, na hakumwambia mtu. Siku ya tatu mchana ilikata katikati ya mstari. Bibi Getruda akafumbua macho akaomba uji.

Wawili kati ya wale saba hawakurudi. Kwenye hema matumbo yao yalinyamaza jioni moja, na wao pia.

Kwaya ilishinda. Jaji, mwalimu mstaafu wa Butimba, aliandika: besi zina nidhamu. Watu wa Mkuyuni walikata rufaa kwamba ndoo si waumini, rufaa ikatupwa. Kwa kuwa kuna mashindano ya kanda mwezi wa nane, bomba limeachwa kwanza. Machibya ameweka benchi la bluu pale mtaroni, na ukikaa jua linapoelekea ziwani, unasinzia kwa raha. Mahema nayo bado yapo.

Jana nilikuwa nawasimulia wateja wawili wa Selina habari hizi zote, pamoja na kile kiapo changu cha mwanzo, na nilikuwa nimefika hapa kwenye habari ya benchi. Bibi Getruda alikuwa mlangoni, amejifunika kitenge.

"Ngosha," akaniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja kuchukua kikombe chako?"

Nikamwambia vikombe mjini ni vingi.

"Hiki kimeandikwa kitakoni: 'fundi simu'." Alikitoa chini ya kitenge. Kilikuwa chekundu. "Ukaniambia, onja tu bibi, mimi nakunywa kila siku na tumbo langu halina neno."

Selina aliacha vitumbua vinaungua. Hakunitukana. Alikuja akainama mbele yangu, akaweka sikio kwenye fulana yangu, usawa wa tumbo, wateja wanatazama.

"Sauti ya ngapi?" mama yake akauliza.

"Ya nne," alisema Selina.