Cheti cha Ubatizo cha Flavian

Mtu asiniulize Sumbawanga kukoje. Kuzuri! Kuzuri mno, na sitaki kufika huko tena.

Ilikuwa mwaka tisini na mbili. Flavian, mchumba wangu, alikuwa ametoka kwetu Wampembe miaka miwili nyuma, akaenda kupiga gitaa kwenye bendi ya mtaa wa Majengo, Sumbawanga mjini. Akaniandikia: "Evodia, niletee cheti changu cha ubatizo, tuanze matangazo ya ndoa." Sisi Wakatoliki, bila cheti hicho padri hakutangazi kanisani, hata uwe nani. Na vitabu vya ubatizo vya parokia yetu alivitunza baba yangu, katekista. Baba akakiandika kwa mwandiko wake mzuri, padri akagonga muhuri, mama akapiga vigelegele. Nikapanda lori la samaki, cheti nimekifunga kwenye kanga.

Flavian alinipokea Jumamosi asubuhi. Nikampa cheti, akakibusu, akakimbia nacho parokiani, akarudi anacheka. Jamani, ule mji! Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila duka la Majengo lina redio kaseti mlangoni, na kila redio inapiga lake. Tulikula nyama ya kuchoma, tukala kuku, tukala maandazi ya moto. Mimi niliyezoea ugali na samaki wa ziwani, migebuka, nilikula mpaka nikaona haya. Mchana bendi ikafanya mazoezi, mlango wazi, nikacheza mpaka kiatu kikakatika. Wenzake walinitazama kwa huruma, nami nikadhani ni ushamba wangu. Flavian akaniuliza naondoka lini. Nikamwambia kesho alfajiri, lori linarudi. Akasema vizuri.

Nililala Milanzi kwa shangazi yangu Silvana. Yeye habari za lori hakutaka kuzisikia. "Jumapili uondoke bila misa? Kwani wewe mbuzi?"

Basi tukaenda misa. Baada ya komunyo msomaji akasimama. "Tangazo la kwanza la ndoa. Flavian, mwana wa Baltazari, wa Parokia ya Wampembe..." Shangazi akanifinya kwa furaha. Moyo wangu ulikuwa unaruka. "...na Jenifa, binti wa Kasmir, wa Majengo. Mwenye kujua kizuizi amwone paroko."

Mshenzi yule! Alijua baba yangu asingemwandikia cheti cha kumwoa mwingine, akanituma mimi. Nami nikambebea, mjinga mimi, siku nzima juu ya magunia ya samaki!

Misa ilipoisha niliingia ofisini kwa paroko. "Kizuizi ni mimi, Padri."

Alinisikiliza vizuri, sitamsingizia. Kisha akauliza, "Mmefunga ndoa mahali popote?"

"Hatujafunga."

"Mahari?"

"Alisema akishapata."

Akavua miwani. "Binti yangu, uchumba si kizuizi. Yule binti aliyetangazwa naye akitaka mwenyewe, ndiye anayeweza kusimamisha. Pole sana."

Hapo nikapata nguvu. Nikatoka kumtafuta huyo Jenifa nimwambie yote, nimharibie Flavian kama alivyoniharibia. Hata sikuhangaika, alinifuata mwenyewe, msichana mfupi wa kitenge cha kijani, mikono ameifungua.

"Wifi Evodia! Jana nilikuona mlangoni kwa bendi, Flavian kaniambia ni dada yake, ndiye aliyeleta cheti. Ubarikiwe, wifi."

"Mimi si wifi yako," nikamwambia. "Mimi ni mchumba wake. Niliyeahidiwa ndoa ni mimi. Nenda kwa paroko ukasimamishe."

Tabasamu likamfutika. Hakunitukana, hakuniita mwongo. Akakaa chini pale pale kwenye ngazi za ofisi, akashika tumbo.

"Ni miezi minne, dada," akasema. "Baba ameapa kunifukuza nisipoolewa. Nikisimamisha nitaenda wapi? Niambie wewe. Ukisema nisimamishe, naingia sasa hivi."

Nilikuwa nimekuja na matusi ya kutosha mji mzima, yote yakaniishia mdomoni. Nilimpenda Flavian, Mungu wangu, hata dakika ile nilimpenda. Na msichana ananitazama, anasubiri neno langu.

"Olewa," nikamwambia.

Nikatembea mpaka Milanzi, mchana kweupe, nalia kwa sauti.