Miguu Minne, Mnyororo Mmoja

Fundi cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sare, kwa kuwa nusu ya watoto wa shule walivaa nguo alizozishona yeye, alimficha mumewe habari ya goti lake kwa muda mrefu. Haikumpa kazi kubwa. Mumewe alikuwa haoni.

Mume huyo alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa mabega mapana, jina lake la kazini Nyundo. Presha ya macho ilimnyang'anya dunia kidogo kidogo, kuanzia pembeni. Daktari alipomwambia kwamba hata kilichobaki hakitadumu, hakulia wala hakumlaani mtu. Alirudi karakana, akatafuta baiskeli mbili kuukuu, akazikata na kuziunganisha zikawa moja ndefu yenye viti viwili na gia za kubadilisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya mwisho kabla ya kuifunga karakana.

"Wewe mbele, mimi nyuma," alimwambia mkewe. "Macho yako, nguvu zangu."

Basi ikawa kila alasiri, Mama Sare akishafunika cherehani yake, wanatoka. Walipita nyuma ya kiwanda cha matofali, wakashika lami inayopanda hadi kwenye matangi ya maji, kisha wakageuza. Nyumbani Nyundo alikuwa mtu wa kochi na redio, akiuliza saa kila mara kana kwamba ana miadi. Barabarani alirudi kuwa yule wa zamani: anatania wapita njia, anauliza nani kajenga ukuta unaorudisha sauti, anabishana na mkewe kama lori lililowapita limebeba mchanga au kokoto.

Mvua zilipoanza, Nyundo alibadilika. Akawa anataka gia nzito. "Ongeza," alisema, na mkewe akiongeza, "ongeza tena." Alikanyaga pole pole kwa uzito wake wote, kama anayeshindilia udongo. Sasa, baiskeli ile pedali zake zote ziliunganishwa na mnyororo mmoja. Wa nyuma akienda pole, wa mbele naye huenda pole, apende asipende. Mama Sare akawa anasukuma chuma njia nzima, meno yamekazwa. Maumivu yalianza nyuma ya pia ya goti la kulia, kama kichomi, yakazidi hadi akawa anashuka ngazi za uani kwa kutanguliza mguu huo huo mmoja kama mtoto anayejifunza.

Mwishowe aliaga kwamba anakwenda kununua uzi, akaenda hospitali. Mtaalamu wa viungo, dada mwenye umri wa binti yake, alimkunja mguu na kuukunjua, kisha akampandisha kwenye baiskeli isiyokwenda popote, iliyofungwa sakafuni.

"Endesha kama unavyoendesha siku zote, mama."

Mama Sare akaendesha.

"Tatizo ndilo hilo," yule dada alisema. "Hiyo siyo kuendesha, hiyo ni kupanda ngazi na gunia mgongoni. Kila unapokanyaga, goti linabeba vyote kwa mpigo. Weka gia nyepesi, uache miguu izunguke haraka. Njia ni ile ile, lakini goti litabeba kidogo kidogo."

"Siendeshi peke yangu, mwanangu." Akamweleza.

Yule dada alimsaidia kushuka. "Basi itabidi umwambie."

Hakumwambia. Kesho yake, walipokipita kiwanda, alipunguza gia kimya kimya.

"Mnyororo umeruka?" Nyundo aliuliza.

"Haujaruka."

"Mbona miguu inazunguka bure kama feni? Rudisha."

Alirudisha. Alijaribu tena siku nyingine, na nyingine, hadi Nyundo akaacha kabisa kukanyaga, miguu yake ikawa inavutwa tu na pedali. "Kama umeamua kunibeba kama mzigo, sema," alisema, sauti imekauka. "Nitabaki nyumbani na redio yangu."

Maneno hayo yalimchoma. Kwa hasira akaipandisha gia hadi ile nzito kuliko zote, wakaanza kupanda kilima. Hawakufika nusu. Goti lilikataa, mguu ukalegea, baiskeli ikayumba, wote wawili wakaanguka kwenye majani ya kando ya barabara.

Nyundo alichubuka kiwiko, hakujali. Alipapasa majani akimwita, akaupata mkono wake, bega, kisha goti. Lilikuwa limevimba na kupata moto. Kiganja chake kikatulia hapo.

"Limeanza lini hili?"

"Leo. Tumeanguka, hujui?"

"Usinidanganye, mama. Nimekusikia muda wote huu ukishuka ngazi za uani, mguu mmoja mzito, mmoja mwepesi." Aliondoa kiganja. "Nilidhani unaburuta miguu kwa sababu umenichoka."

Walirudi kwa miguu, Nyundo akisukuma baiskeli, mkewe akichechemea huku ameshika usukani kumwonyesha njia. Nyumbani alimweleza yote: hospitali, yule dada, gia. Nyundo alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Kuna jambo nami sikukwambia," alisema hatimaye. "Ile nuru kidogo iliyobaki upande wa kushoto, ile iliyonionyesha dirisha liko wapi. Imekwisha. Mvua zilipoanza niliamka asubuhi sikuiona, nikadhani ni mawingu."

"Baba watoto..."

"Gia ikiwa nzito, pedali inanisukuma, nami naisukuma, najua nipo. Ikiwa nyepesi sina ninachoshika. Ni giza na upepo tu, kama nimetupwa."

Wakati wote ule mkewe alikuwa akimhesabu mbishi. Alilia bila sauti, lakini Nyundo alimsikia, akamsogelea kwenye kochi, wakakaa hivyo hadi chai ikapoa.

Goti lilipotulia walianza upya, kwenye lami ya tambarare tu. Mama Sare aliweka gia nyepesi. Nyuma yake Nyundo alishika mpini kwa nguvu, akipumua kama mtu aliyeingia mtoni maji yakamfika kifuani. Alirukaruka kwenye kiti. Mguu ulimponyoka, ikabidi waufunge kwenye pedali kwa kipande cha mpira.

"Leo tunasaga mahindi ya nani?" alilalamika, na mkewe akacheka, ingawa aliisikia ile hofu chini ya utani.

Ndipo akaanza kusema naye. Zamani alinyamaza akipambana na maumivu. Sasa meno yalikuwa yamefunguka. "Kulia kuna uzio wa mabati. Unakwisha. Sasa uwanja, hauna mtu. Kona inakuja, ya kushoto, lala kidogo." Nyundo alilala kidogo. Taratibu pumzi zake zilishuka, na miguu minne ikapata mwendo mmoja, mwepesi, wa haraka.

Si kwamba goti lilipona kabisa. Asubuhi za baridi bado hulishika kwanza kabla ya kuinuka kitandani. Nuru nayo haikurudi, na zipo siku Nyundo hushikwa na giza lake katikati ya njia akaomba wasimame. Husimama. Mkewe humsubiri, hamharakishi.

Siku waliyojaribu tena kilima, walipanda pole sana, miguu ikienda mbio, watoto wakawapita kwa miguu wakiwashangilia. Juu, karibu na matangi, Mama Sare alikuwa anahema, akamwambia kwamba chini kule kuna nyumba imeanika mashuka mekundu.

"Mekundu ya namna gani?" Nyundo aliuliza. "Rangi hiyo nimeanza kuisahau."

Mama Sare, aliyeshika vitambaa maisha yake yote, alifungua mdomo ajibu, akakosa neno. Alilitafuta njia yote ya kushuka.